Mwenye Vivuli Viwili

Mji huo hauna jina, na msiniulize uko upande gani wa dunia, maana nami niliuliza nikajibiwa kwa kicheko. Ninachojua ni kwamba watu wake walitazamana chini kabla ya kutazamana usoni. Kila mtu alikuwa na kivuli chake, kama kwingine kote, isipokuwa wanawake waliochukua mimba. Hao walianza kuwa na vivuli viwili: kile cha siku zote, na kingine kidogo, mwanzoni kidogo kuliko punje ya harage, kikitembea kando ya miguu yao tangu siku ya kwanza kabisa, hata kabla wenyewe hawajajua lolote. Bibi wenye macho makali walikiona mapema. Wakikutana na msichana wa namna hiyo kwenye bomba la maji walimpisha achote kwanza, naye akarudi nyumbani akijiuliza amefanya nini cha kuheshimiwa.

Hayo yalikuwa zamani. Baadaye halmashauri ya mji ilibandika tangazo kwamba kivuli kisicho na mwili wa kuonekana hakihesabiwi. Hawakusema hakipo, waliosoma tangazo kwa makini waliliona hilo. Walisema hakihesabiwi tu, na kuanzia hapo watu wakajifunza kutembea macho yao yakiwa usawa wa vifua vya wenzao. Ndipo ikajengwa Nyumba ya Mwanga, nyeupe, safi, mkabala na barabara kuu, yenye taa kila ukuta, taa darini, taa hata sakafuni chini ya vioo, hata ukiingia humo huna kivuli kabisa, wala kimoja wala viwili. Wahudumu wake hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wapole, waliongea taratibu, mikono yao ilinukia sabuni, na mwanamke aliyeingia na vivuli viwili alitoka na kimoja. Msimtafute shetani mlangoni pale, hamtamwona. Huzuni ya jambo lile ni kwamba lilifanywa na watu wenye huruma.

Siku katika mji ule hazikupangika vizuri. Alhamisi iliweza kuja mara mbili katika juma moja, na kuna mwaka Kwaresima ilikataa kwisha, watu wakala mboga za majani mpaka wakati wa mavuno. Umri nao haukukaa mahali. Subilaga, fundi cherehani aliyeshona sare za kwaya, asubuhi nyingi aliamka akiwa na miaka arobaini na tisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Lakini asubuhi nyingine aliamka ana ishirini na miwili, amevaa sweta la kijani, moyo unamdunda, na ilimbidi akae kitandani angoje mpaka chai ichemke ndipo miaka yake irudi mmoja mmoja. Ile ishirini na saba iliyokuwa katikati ilikuwa na mambo mengi: ndoa fupi, ujane, cherehani mbili, sare zisizohesabika. Lakini usiku wa maisha yake wote ulikuwa umefungwa katika asubuhi moja, ile aliyopanda ngazi za Nyumba ya Mwanga akiwa na sweta la kijani.

Alitoka na kivuli kimoja. Alishukuru. Akatembea mitaa mitatu akishukuru, na katika mtaa wa nne, mbele ya duka la vitambaa, akakiona tena. Kilikuwa pale pale kando ya mguu wake wa kushoto, kidogo, kinatetemeka kidogo. Akasimama. Akamuuliza mwenye duka, anaona nini pale chini? Mwenye duka akasema anaona kivuli cha mteja, na je, mteja anataka kitambaa gani? Hapo Subilaga akaelewa yale aliyowahi kuyasikia utotoni bila kuyaamini: kwamba kivuli cha aliye hai huonekana na wote, lakini cha aliyekatizwa huonekana na mama yake peke yake.

Nacho kilikua. Hilo hakuna aliyemwambia. Alidhani kitabaki vile vile, alama tu, kama kovu. Lakini mwaka uliofuata kilikuwa kinatambaa sakafuni kuzunguka pedeli ya cherehani. Kikasimama dede. Watoto wa majirani walipopelekwa darasa la kwanza, asubuhi ile kilikuwa na kivuli cha mkoba mgongoni. Kilirefuka, kikawa na mabega, kikawa na kiuno, kikamzidi mama yake kimo kwa kidole kimoja. Sasa kilikuwa kivuli cha mwanamke wa miaka ishirini na sita, na nywele zake zilisukwa, kila baada ya majuma mawili kwa mtindo mpya. Nani aliyemsuka? Subilaga hakujua. Katika yote hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba kulikuwa na mikono mingine mahali fulani, mikono yenye subira na upendo, inayomsuka mwanawe, na yeye aliona mpangilio tu juu ya saruji.

Alikuwa amempa jina. Alimpa mwaka wa pili, kimyakimya, na hakulitamka kamwe. Maana kanuni ilijulikana na kila mtu mjini: mama akilitamka jina la mtoto wake aliyekatizwa, mchana, mbele za watu, kwa kinywa chake mwenyewe, kivuli kile kitaonekana na wote mara moja, kisha kitakwenda kwa Mwenye uhai na hakitarudi kando ya mguu wa mtu. Wako wanawake waliotamka wakapumzika. Walilala, walinenepa, waliimba. Subilaga aliwaonea wivu usingizi wao, lakini hakutaka kuwa kama wao.

Nikimtaja ataondoka.

Nisipomtaja hayupo kwa mtu yeyote, ila kwangu.

Basi nani nimemficha, yeye au mimi?

Na huyu anayemsuka, Bwana, kama ni wewe, mbona hunionyeshi mikono?

Mtu huanza wapi? Hilo ndilo swali alilolishona katika kila pindo la sare kwa miaka ishirini na saba. Halmashauri ilisema mtu huanza pale anapoonekana. Subilaga alilifikiria jibu hilo akiwa na sindano mdomoni. Kama ni hivyo, mume wangu alipokata kona kwenda kazini alikuwa anakwisha, na jioni alikuwa anaanza upya. Na kipofu wa pale sokoni hajawahi kuishi na mtu hata mmoja. Na Mungu, ambaye hakuna aliyemwona, bado hajaanza. Alicheka peke yake, cherehani ikasimama. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliwaza kwamba huenda mtu haanzi kwa kuonekana wala kwa kujulikana, bali kwa kutakiwa, na kwamba yupo aliyemtaka mtoto huyu kabla yeye Subilaga hajaamka asubuhi ile na kichefuchefu. Wazo hilo lilimfariji na kumchoma kwa wakati mmoja. Akaendelea kushona.

Kila Alhamisi, na kama Alhamisi zilikuwa mbili basi zote mbili, watu wa kanisa walisimama mbele ya Nyumba ya Mwanga tangu jua lichomoze mpaka saa sita. Waliitwa Wakesha Mchana. Walivaa kanzu nyeupe alizozishona Subilaga, hawakupiga ngoma, hawakumtukana mtu, waliimba tenzi kwa sauti ya chini na kuomba. Waliongozwa na Mzee Asegelile, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito na magoti mabovu, mtu mwema kwelikweli, aliyewahi kukaa siku tatu bila kula kwa ajili ya msichana ambaye hakumjua hata kwa jina. Subilaga alisimama katika mstari huo kwa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye aliwaachia waamini kwamba ni kwa sababu ya sare.

Wakesha walikuwa na desturi moja waliyoipenda kuliko zote. Walisimama upande wa mashariki wa barabara, jua likiwa mgongoni, hata vivuli vyao vikalala kuvuka lami mpaka juu ya ngazi za ile nyumba, vikafunika mlango wote. Mzee Asegelile aliona hilo ni jambo zuri sana. "Hata tukinyamaza," alizoea kusema, "vivuli vyetu vinahubiri."

Subilaga ndiye pekee aliyejua kosa lililokuwa hapo, maana ndiye pekee aliyewahi kulikanyaga. Asubuhi ile ya sweta la kijani palikuwa na waimbaji, baadhi ya hawa na baba zao, na vivuli vyao vilikuwa vimelala njiani vile vile. Ili afike mlangoni ilimbidi awakanyage, mmoja baada ya mwingine, vichwa, vifua, mikono iliyoinuliwa kuomba. Alipofika ngazi ya juu alikuwa ameshawakanyaga watu wa Mungu kumi na wanne. Baada ya kufanya hivyo, angewezaje kugeuka na kuwaendea? Aliona kwamba amekwisha kuhukumiwa, na mtu aliyekwisha kuhukumiwa huendelea mbele tu. Kwa miaka kumi na tisa alitaka kumwambia Mzee Asegelile jambo hili dogo la mahali pa kusimama. Lakini angeulizwa: umejuaje, mama?

Basi Alhamisi moja, ya kwanza au ya pili sikumbuki, akaja msichana. Alikuwa na mkoba mdogo na chupa ya maji, na kando ya mguu wake palikuwa na kivuli cha ukubwa wa yai. Subilaga alimjua: Tulinagwe, ambaye aliwahi kumpima sare ya kwaya ya vijana akiwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, asiyetulia. Sasa alikuwa na ishirini na miwili. Alivaa sweta. Subilaga hakuthubutu kuangalia rangi yake, na alipoangalia hakuwa na hakika kama anayemtazama yuko barabarani au yuko ndani ya kioo.

Tulinagwe alifika pale vivuli vilipoanzia akasimama. Akaruka cha kwanza, kama mtu anayeruka dimbwi. Akaruka cha pili. Cha tatu kilikuwa kipana, cha mama mnene wa sauti ya pili, hakikurukika. Akabaki amesimama pale katikati ya barabara akizungukwa na vivuli, hana pa kuweka mguu.

"Ondoeni vivuli vyenu," alisema. "Nitapitaje?"

"Usipite, mwanangu," Mzee Asegelile alisema kwa upole.

"Usiniite mwanao, mzee wangu, nisamehe. Juzi tulikutana njia ya gulioni. Nilikuwa nacho hiki hiki. Ulinipita ukitazama juu."

Mzee akatazama chini, kwenye kivuli kile. Neno lake lilikuwa kweli, na lilimpata.

"Tulikuwa hatujui," alisema mama mnene.

"Mlijua. Mnajua kila kitu," Tulinagwe alisema, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Mnajua nisifanye nini. Haya, nifanye nini basi? Baba alishaniambia zamani, nikileta kivuli cha pili nyumbani kwake, nisilete na cha kwanza. Aliyenipa amehamia mji wenye jina. Nyinyi saa sita mtavua kanzu mwende kula. Nani kati yenu amewahi kusimama hapa niliposimama? Nani anajua?"

Tenzi zilikuwa zimekatika. Wahudumu wawili wa Nyumba ya Mwanga walikuwa wametoka wakasimama mlangoni, si kwa ubaya, walitaka tu kujua kama msichana anahitaji msaada wa kuvuka. Mmoja wao alimnyoshea mkono.

Subilaga alitazama kando ya mguu wake wa kushoto. Mwanawe alikuwa amelala pale juu ya lami, mrefu, nywele zimesukwa upya, kichwa kimeelekea kwa yule msichana. Hakufanya ishara yoyote. Nawaambieni ukweli, hakuna aliyemsukuma Subilaga, si kivuli, si Roho kwa sauti ya kusikika. Palikuwa na kimya tu na yeye ndani yake.

Ninaweza kusema jambo lingine. Ninaweza kusema, Mungu anajua. Ni kweli. Anajua.

Ninaweza kumpa chumba changu cha nyuma na nisiseme neno.

Lakini ameuliza nani anajua. Hakuuliza habari za chumba.

Nimekaa naye miaka ishirini na sita. Nimekula naye. Nani atakaa nami jioni?

Bwana, usinidai huyu. Nidai mwingine. Sina mwingine.

Alijikuta anatembea. Alitoka kwenye mstari, na wenzake wakashangaa maana haikuwa desturi. Alikwenda akakanyaga vivuli vya wenzake bila kuruka hata kimoja, mpaka akafika aliposimama Tulinagwe, akasimama naye bega kwa bega, uso ukiwaelekea Wakesha na jua likampiga machoni.

"Mimi ninajua," alisema.

"Mama fundi, usinionee huruma tu."

"Sikuonei huruma. Nilipita hapa. Nilivaa sweta la kijani. Mlikuwa mmelala njiani hivi hivi, nyinyi na baba zenu, na niliwakanyaga wote kumi na wanne, nikaona aibu kurudi." Sasa alikuwa anasema na wote, na sauti yake ilikuwa ile ya kawaida, ile ya kuuliza mtu anataka mikono mirefu au mifupi. "Niliingia mle ndani. Waliniongelesha vizuri. Nilitoka. Nina mtoto wa kike. Kila siku ya Mungu ninatamani kumshika mkono na sijawahi. Anaitwa Atuganile. Kwa lugha ya nyumbani kwetu maana yake, ametupenda."

Alipolitamka, wote walimwona. Walimwona mwanamke mrefu aliyelala kwa kivuli juu ya lami kando ya mama yake, na mabega yake, na shingo yake, na misuko ya nywele mmoja mmoja jinsi ilivyopangwa kwa uangalifu. Mama mnene akapiga kelele ndogo. Mmoja wa wale wahudumu wa mlangoni akashika ukuta. Kivuli kikainuka. Hakikuwa tena cha chini. Kilisimama wima mbele ya Subilaga, kwa muda wa kuvuta pumzi na kuitoa, na Subilaga alinyosha mkono wake. Kama aliguswa au hakuguswa, hilo hakuwahi kulisema kwa mtu. Kisha Atuganile akageuka akaenda mashariki, kwenye jua, akitembea kama mtu anayekwenda nyumbani anakoishi, na hapakuwa na kitu tena.

Subilaga alitazama kando ya mguu wake wa kushoto. Lami. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, hakujiziba, na ninasema bila kuficha kwamba hakulia kwa furaha. Alikuwa amempoteza kwa mara ya pili, na safari hii alijua anapoteza nini.

Mzee Asegelile alivuka barabara na magoti yake mabovu. Alivua kofia.

"Miaka kumi na tisa umesimama nasi, mama," alisema. "Mbona hukutuambia?"

"Niliogopa mtanitoa kwenye mstari."

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, kwa hiyo alifikiri kwa muda mrefu. "Huenda tungekutoa," alisema. Kisha akageuka akaangalia vivuli vya watu wake vilivyolala juu ya ngazi, akaviangalia kama mtu anayeona kitu kichafu juu ya shati alilovaa siku nzima. Akapunga mkono. "Vukeni," aliwaambia. "Njooni tusimame huku, kwenye ukuta. Tuiache njia wazi kwa kwenda na kwa kurudi."

Wakavuka mmoja mmoja, wakajipanga kando ya ngazi, jua likawapiga usoni, wakakunja macho, na wengine wakatokwa na machozi, sijui kwa jua au kwa jingine. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Barabara ikawa nyeupe na tupu. Mlango ulikuwa wazi, njia ya kurudi ilikuwa wazi, na Tulinagwe alikuwa katikati.

"Mimi sijasema nitafanya nini," alisema.

"Najua," Subilaga alisema, anajifuta pua kwa kanga.

"Usifikiri kwa kuwa umelia."

"Sifikiri chochote, mwanangu. Nina chumba cha nyuma kina kitanda. Nina kazi ya kutosha watu wawili. Hayo ndiyo niliyonayo."

Tulinagwe alitazama chini, pale palipokuwa na kivuli cha ukubwa wa yai. Alikitazama kwa mara ya kwanza bila haraka. Kikasogea kidogo, maana naye alikuwa amesogeza mguu.

"Nataka kwanza nimwone baba," alisema. "Nimwambie yeye kabla sijaamua kitu. Lakini siwezi kubisha hodi. Nimejaribu jana mara tatu, mkono hauinuki."

"Nitabisha mimi."

Walitembea mitaa mitatu. Katika mtaa wa nne Subilaga aligeuka kushoto kuangalia chini, kwa mazoea, na kila alipogeuka moyo wake ulishuka upya, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Atafanya hivyo miaka mingi bado. Hakuna aliyemwahidi kwamba atazoea. Lakini Tulinagwe alikuwa ameshika mkono wake, vidole vya joto, vyenye jasho, vinamkamata kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Subilaga alishangaa mkono wa mtu ulivyo mzito.

Nyumba ya baba yake Tulinagwe ilikuwa na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Saa sita ilikuwa imefika. Vivuli vilikuwa vimejikunja chini ya miguu, na mtu wa ndani asingeweza kuona chochote kwa upenyo wa chini ya mlango. Subilaga alibisha.

"Hodi hapa."

 Ikaja sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu na hasira yake.

"Nani?"

"Subilaga, mzee wangu. Fundi wa sare."

"Una nini mchana huu? Mko wangapi huko nje?"

Subilaga alimtazama Tulinagwe. Alikuwa na majibu mengi, na hakuna hata moja lililokuwa lake kulitoa. Alihisi vidole vinaachia mkono wake, na Tulinagwe akasogea mbele mpaka paji la uso wake likagusa ubao wa bluu.

"Ni mimi, baba," alisema. "Tuko watatu."

 Wakangoja. Kisha kiti kikasukumwa nyuma, hatua zikaja taratibu hadi upande wa pili wa mlango, na komeo likaanza kuvutwa.